Hita ya Gari Tuliloliuza: Barua kwa Ndugu wa Rulenge

Ndugu zangu wa Rulenge, pamoja nanyi mlioko Ngara mjini, Nyakahura, Lusahunga na Biharamulo,

Huku Fargo, jimbo la North Dakota, baridi imeshaanza kupiga hodi.

Nimesoma yote mliyoandika kwenye kundi la ukoo baada ya shemeji yenu kutuma picha ya gari letu likiwa halina dashibodi, nyaya zikining'inia na skrubu zimepangwa sakafuni. Mdogo wangu anayeendesha mchomoko, yaani gari dogo la abiria, aliuliza: "Dada, gari si mnaliuza? Hita ya nini tena?" Baba mdogo naye akasema tuliuze lilivyo, atakayelinunua atajua mwenyewe la kufanya. Sikutaka kujibu kwa ujumbe wa mstari mmoja. Nawajibu kwa barua, na naiacha wazi isomwe na yeyote, maana suala hili la hita linawagusa ninyi mnaopanda na kushuka vilima vya Ngara kuliko mnavyodhani.

Kwanza niseme juu ya baridi yenyewe. Kwetu asubuhi ya kiangazi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, mtu huvaa sweta na kukaa karibu na moto. Jua likipanda, sweta linavuliwa. Hapa usiku wa Januari ni jambo la kawaida kipimajoto kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na kuendelea, na nchi ni tambarare mpaka macho yanaishia, hakuna mlima wa kukinga upepo. Upepo ukizidisha baridi hadi mwili uihisi kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Ndiyo maana magari mengi ya huku yana waya unaochungulia mbele, chini ya boneti. Usiku tunauchomeka kwenye umeme ili injini ipate joto kidogo na asubuhi ikubali kuwaka. Maji matupu yakiachwa ndani ya injini yanaganda, yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na chuma kinapasuka.

Katika gari lisilo na hita, pumzi za watu wawili tu hugeuka barafu upande wa ndani wa kioo cha mbele. Dereva anabaki kukwangua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika usukani, na anaona njia kupitia tundu dogo. Serikali ya huku, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, inawataka watengenezaji wa magari ya abiria waweke mfumo wa kuondoa barafu na ukungu kwenye kioo cha mbele. Mfumo huo ndio hita yenyewe. Kwa hiyo anayemuuzia mwenzake gari lenye hita mbovu mwezi wa Julai, jua likiwaka, amemuuzia hatari ya kumkuta miezi michache baadaye.

Wengi hudhani hita ina waya wa umeme unaowaka ndani yake. Kwenye gari la kawaida la petroli au dizeli, joto lake linatoka kwenye injini. Mafuta yanapoungua, takriban theluthi moja tu ya nguvu yake, na mara nyingi pungufu, ndiyo husukuma magurudumu. Iliyobaki ni joto, na linatoka na moshi au linabebwa na maji yanayozunguka injini. Maji hayo hupelekwa kwenye rejeta kubwa ya mbele ili yapoe. Lakini ipo mipira miwili membamba inayopenya ukuta unaoitenga injini na abiria na kuingia nyuma ya dashibodi, ambako kuna rejeta nyingine ndogo, isiyozidi ukubwa wa daftari. Feni hupuliza hewa katikati ya mapezi yake, na hewa inatoka ikiwa ya moto. Joto ambalo injini ingelitupa bure linawapasha abiria. Ipo pia themostati, vali ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ifikie joto lake la kazi, nyuzi 80 na kitu. Naomba mshike habari ya vitu hivi viwili, rejeta ndogo na themostati, nitavirudia nikifika Rulenge.

Ubovu wa gari letu ulianza taratibu msimu wa baridi uliopita. Hewa ya moto ikawa vuguvugu. Ikaja harufu tamu isiyo ya chakula. Kioo cha mbele kikapata utando wa mafuta mafuta ambao ukiufuta unarudi. Zulia la upande wa abiria likalowa, na kulanti, yaani yale maji yenye dawa yanayozunguka injini, ikawa inapungua kwenye chupa yake bila tone kuonekana chini ya gari. Dalili hizo zikikutana, mjue rejeta ndogo ya hita imetoboka na kulanti inavujia ndani ya gari. Ile harufu ni ya kulanti, na ndani yake kuna ethilini glaikoli, kemikali inayozuia maji kuganda. Ni sumu kali, na ubaya wake mkubwa ni kwamba ladha yake ni tamu. Mbwa huilamba wakafa, na mtoto naye anaweza kuinywa. Yeyote kati yenu mwenye kulanti nyumbani asiiweke kamwe kwenye chupa ya soda.

Gereji moja ilitutajia gharama iliyokaribia nusu ya bei ambayo gari lenyewe lingeuzwa. Sikuiona kuwa ni dhuluma. Kipuri chenyewe ni cha bei ndogo, kinacholipiwa ni saa za fundi. Kwenye magari mengi sanduku la hita limejificha nyuma kabisa, na ili ulifikie unafungua dashibodi, pengine na usukani, na kila kilichofungwa mbele yake.

Basi ushauri ukaja kwa wingi, na si wa kwenu tu. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mmoja aliniambia nimwage kwenye rejeta dawa ya kuziba matundu, hita ingetulia hadi gari liuzwe. Dawa hiyo huziba kweli, lakini haichagui. Inaziba tundu, na inaweza kuziba vilevile njia nyembamba za rejeta, na mnunuzi anabaki na mfumo mzima uliojaa tope. Mwingine alisema tukate mipira miwili ya hita tuiunganishe yenyewe kwa yenyewe, uvujaji ungekoma. Ungekoma, ndiyo, na hita ingekufa pamoja nao. Na wengi, wengi sana, walisema tungoje majira ya joto tu, kwa kuwa mwezi wa Julai hakuna mnunuzi anayewasha hita.

Sheria isingetuzuia. North Dakota haina ukaguzi wa lazima wa usalama kwa gari la mtu binafsi. Watu binafsi wanapouziana gari, kwa kawaida linauzwa kama lilivyo. Ipo kanuni ya serikali ya shirikisho inayomtaka mfanyabiashara wa magari yaliyotumika kubandika dirishani karatasi inayoeleza kama gari lina dhamana au halina, lakini kanuni hiyo inamhusu anayeuza zaidi ya magari 5 ndani ya miezi 12. Sisi tulikuwa na moja. Tungenyamaza, tungepokea fedha, na tungelala usingizi wetu bila polisi kuja.

Lakini fikirini ni nani anayenunua gari la bei ya chini katika mji kama huu. Mwenye kipato kizuri hanunui gari lenye umri wa letu. Analinunua aliyefika karibuni, mwenye kazi ya zamu ya usiku kiwandani au hospitalini, saa ambazo basi la mji limeshalala. Analinunua mtu ambaye hajawahi kuona theluji, na ambaye hata akiambiwa ajaribu hita hajui ajaribu nini.

Na watu hawa ninyi mnawajua. Mwaka 1994, tarehe 28 na 29 Aprili, watu takriban 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, ndani ya muda wa saa 24 hivi, na Benaco, huko kwetu Ngara, ikawa mji wa mahema kabla hatujajua la kufanya. Warundi nao walikuwa wakija kwa makundi, na kambi ya Lukole ikajaa. Ndizi na maharage ya mashamba yetu yaliliwa huko. Wazee mnakumbuka vizuri kuliko mimi misitu ilivyoisha kwa kuni, visima vilivyozidiwa, na pia urafiki na ndoa zilizotokea. Miongoni mwa Warundi wale walikuwamo waliokimbia nchi yao tangu 1972, wakaishi Rwanda au Kongo, kisha vita vikawafukuza tena mpaka Tanzania. Mwaka 2006 Marekani ilikubali kuwapokea maelfu ya hao wa 1972 kutoka kambi za Ngara, Kibondo na Kasulu, na kuanzia 2007 wakasambazwa kwenye miji mingi ya nchi hii, hata hii ya kaskazini yenye baridi. Fargo nimewakuta. Unasimama kwenye foleni dukani, unasikia nyuma yako mama anamwita mwanawe kwa Kirundi, kisha anamkanya kwa Kiswahili cha Kigoma na Ngara, na moyo unaruka.

Kwa hiyo baba mdogo, unaposema atakayelinunua atajua mwenyewe, mimi namwona huyo. Ni mtu ambaye kwetu alipita akiwa hana kitu, tukamuuzia ndizi. Sitaki anikute huku nikamuuzie kioo kilichoganda. Wazee waliomfahamu Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, wanakumbuka jinsi alivyokwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa, na jinsi alivyosisitiza kwamba imani ni kushirikishana maisha. Mimi nililelewa na watu waliomsikiliza. Kushirikishana huko sijaona mahali kunapopimwa vizuri kuliko kwenye mauziano, pale mmoja anapojua jambo ambalo mwenzake hajui.

Tulikata shauri kuifanya kazi wenyewe, kwenye banda la gari, kabla theluji haijaanguka. Mume wangu anajua kushika spana, na mimi nina subira na mikono midogo, ambayo kwa hita ni mali.

Kabla ya kufungua chochote tulihakikisha ugonjwa. Hili hata ninyi mnaweza kulijaribu, halihitaji mashine. Injini ikishapata moto na hita imewekwa kwenye joto la mwisho, gusa kwa uangalifu ile mipira miwili inapoingia ukutani. Yote miwili ikiwa ya moto na bado hewa inatoka baridi, maji yanafika, tatizo liko kwenye kile kilango cha ndani kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi, au kwenye kimota au waya unaokisukuma. Mpira mmoja ukiwa wa moto na wa pili wa baridi, rejeta ndogo imeziba. Yote miwili ikiwa baridi au vuguvugu, angalia kwanza kama maji yamepungua au kuna hewa iliyonaswa ndani, kisha mtuhumu themostati. Nimewaona watu hapa wakinunua rejeta mpya ya hita wakati kilichokufa ni kimota cha bei ya chakula cha mchana, kwa sababu tu hawakugusa mipira.

La kwetu halikuwa na mashaka, zulia lilikuwa limelowa. Tulitoa waya wa betri na kungoja kwanza, maana mifuko ya hewa ya usalama iliyoko kwenye usukani na dashibodi hubaki na umeme kwa muda hata betri ikikatwa, na ikilipuka usoni inaumiza vibaya. Tukakinga kulanti yote kwenye beseni lenye mfuniko. Mlango wa banda tuliuacha wazi kila injini ilipowashwa, baridi au si baridi, kwa sababu moshi wa gari ndani ya chumba kilichofungwa huweza kuua mtu kabla hajatambua. Kisha ikaanza kazi ya kufungua: vifuniko vya plastiki vinavyokatika ukivivuta kwa hasira, skrubu zenye urefu tofauti, soketi za nyaya zinazofanana. Kila skrubu ilibandikwa kwenye kipande cha boksi chenye mchoro wa mahali ilipotoka. Hayo ndiyo mliyoyaona kwenye picha mkadhani gari limekufa.

Sehemu tuliyoiogopa zaidi ni AC. Rejeta ndogo ya hita hukaa sanduku moja na kipoozeo cha AC, na kwenye baadhi ya magari huwezi kuitoa bila kufungua mabomba ya gesi. Gesi hiyo sheria ya hewa safi ya Marekani inakataza kuiachia hewani, lazima ivutwe kwa mashine na fundi mwenye kibali. Bahati ilikuwa upande wetu: kwenye gari letu rejeta ndogo inachomolewa kwa pembeni, upande wa abiria, bila kugusa mabomba hayo. Lakini klipu za mipira yake ziko ndani sana, mahali mkono wa mume wangu haupiti. Nililala chali chini ya dashibodi, taa mdomoni, nikazitafuta kwa vidole mpaka zikaachia. Ilipotoka, ile rejeta ilikuwa na ukoko wa kijani na kahawia kwenye kona moja, na njia zake nusu zimejaa uchafu mwekundu. Mwenye gari wa kwanza, miaka mingi kabla yetu, aliacha kubadili kulanti. Uchafu wa miaka yake ukatukuta sisi.

Tukasukuma maji ya bomba kwa nguvu ndogo kwenye njia zote mpaka yakatoka safi, tukaweka rejeta mpya, mipira mipya, themostati mpya, na mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyotoneshwa. Mchanganyiko huo huvumilia hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri kabla ya kuganda. Kisha kutoa hewa, kazi ambayo wengi huiruka halafu wakasema hita mpya ni mbovu. Gari linainuliwa pua ili mdomo wa kujazia uwe juu kuliko rejeta ndogo, hita inawekwa kwenye joto la mwisho, injini inaachwa ikinguruma mpaka mapovu yaishe. Sisi tulitumia ngazi za chuma, kwa kuwa Fargo haina hata kichuguu. Ninyi mna miteremko kila mahali. Tulipowasha feni, kipimajoto cha jikoni kwenye tundu la hewa kilipanda kupita nyuzi 50. Nilimshika mume wangu mkono nikashukuru kwa sauti.

Sasa nije kwenu, na hapa ndipo barua yangu ilipokuwa inaelekea tangu mwanzo.

Nikija likizo huwa napanda michomoko yenu, Probox na Noah, kati ya Rulenge na Ngara, na nikikaa kiti cha mbele huuliza maswali. Mara nyingi naambiwa hita "ilikatwa". Gari lilikuwa linavuja, fundi akaunganisha mipira miwili ya hita, kazi ikaisha. Nikiuliza themostati, naambiwa ilitolewa zamani ili injini isichemshe. Nikiuliza kulanti, naoneshwa kidumu cha maji ya mtoni. Dereva haoni ubaya, kwani hita ya nini nchi ya jua?

Mdogo wangu, nisikilize vizuri. Ukitoa themostati, maji ya baridi yanakimbia kwenye injini muda wote, injini haifikii joto lake. Inakula mafuta zaidi, oili inachafuka mapema, na vyuma vinasagika kabla ya wakati. Kama gari lilikuwa linachemsha, sababu yake ilikuwa kwingine: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, feni isiyozunguka, au kifuniko cha rejeta kilicholegea. Kifuniko hicho watu hukidharau. Kazi yake ni kubana mgandamizo ili maji yachelewe kuchemka, na kwenye miinuko yetu hilo lina uzito, kwa sababu kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka mapema. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayangoji 100. Kabla hujatoa themostati, badili kifuniko.

Maji matupu nayo hula injini kwa ndani. Chuma na alumini vikikutana kwenye maji yasiyo na dawa, kutu inazaliwa, na kutu hiyo hutuama kwanza kwenye njia nyembamba kuliko zote, yaani rejeta ndogo ya hita. Inaziba, inatoboka, inavuja, inakatwa. Mnadhani hita ndiyo iliyoharibika, kumbe imewahi tu kuonesha ugonjwa wa injini nzima. Kulanti haikutengenezwa kwa ajili ya nchi za barafu peke yake. Ina dawa ya kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ikiwa fedha haitoshi kwa sasa, basi tumieni maji safi ya mvua yaliyokingwa vizuri kuliko ya kisima au mto yenye chumvi na udongo, na mpange kununua kulanti ya kweli. Maji yenye rangi pekee si kulanti.

Na hita kwenu ina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kioo. Mvua za masika zikishuka, gari limebeba watu kupita kiasi, madirisha yamefungwa, kioo cha mbele kinajaa ukungu. Dereva anafuta kwa kitambaa kwenye kona za barabara ya Murugarama–Rulenge–Nyakahura, ile tuliyoingoja lami miaka na miaka, na kondakta anamsaidia kutazama upande. Gari lenye hita nzima na AC inayofanya kazi husafisha kioo hicho haraka: AC inakausha hewa, hita inaipasha moto, ukungu unaondoka. Hata hita peke yake, ikielekezwa kwenye kioo na dirisha likafunguliwa kidogo, inatosha kumpa dereva macho.

Ya pili wachache wanaijua. Hita ni rejeta ya akiba. Umepakia, unapanda kilima kutoka Rusumo, mshale wa joto unaanza kupanda. Zima AC, fungua madirisha, weka hita kwenye joto la mwisho na feni kwenye kasi ya mwisho. Abiria watalalamika kwa jasho, lakini joto la injini linapata njia nyingine ya kutokea, na mara nyingi hilo linakupa nafasi ya kufika mahali salama pa kusimama. Ukisimama, usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, mvuke wake unababua uso. Aliyekata hita ameikata na akiba hiyo. Nimeona malori na magari madogo yamefunguliwa boneti kando ya barabara ile ya Lusahunga hadi Rusumo, mvuke unapanda, na ninajiuliza ni mangapi yangekuwa yanaendelea na safari.

Kuhusu kuuza, hali yenu na yetu ni moja. Magari mengi mnayonunua yametoka Japani yakiwa yametumika, yakashushwa bandari ya Dar es Salaam, yakapita kwa wenye magari wawili watatu kabla dalali hajawaleteeni. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imechota kwa Waingereza, na muuzaji asipokuwa mfanyabiashara inamwachia mnunuzi mzigo mkubwa wa kujiangalilia. Basi jiangalilieni. Kabla ya kutoa fedha, injini ikiwa baridi, fungueni kifuniko cha rejeta mtazame rangi: maji mekundu ya kutu yanawaambia gari limetunzwaje. Washeni hita hata kama jua linachoma. Inueni zulia la upande wa abiria mguse chini yake. Fuateni kwa macho ile mipira miwili hadi ukutani mwone kama inaingia ndani au imeunganishwa nje. Ni ukaguzi wa dakika chache, na hakuna muuzaji mwaminifu atakayeukasirikia.

Na ninyi mkiwa wauzaji, semeni. Sisi tuliandika karatasi: hita imetengenezwa upya, themostati na mipira ni vipya, chini ya gari kuna kutu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, tairi mbili za nyuma hazitamaliza msimu wa pili. Aliyenunua ni kijana aliyekulia Lukole. Aliisoma karatasi ile taratibu, akatuuliza kuhusu kutu, akalala chini akaitazama mwenyewe, kisha akalipa bei tuliyoitaja bila kuvutana sana. Nilimwonesha jinsi ya kuwasha hita, jinsi ya kuchomeka waya wa injini usiku, na kwamba theluji ikiziba bomba la moshi aifukue kwanza kabla ya kukaa ndani na injini inanguruma. Fedha tuliyoipata ilizidi kile ambacho tungepewa kwa gari bovu, na ziada hiyo ilizidi gharama za vipuri. Baba mdogo, hata kwa hesabu ya biashara tu hatukupoteza.

Mdogo wangu, nimekutumia hela ya themostati, kifuniko cha rejeta na kulanti, wala usiipangie matumizi mengine. Wengine wote mnaosoma, mkipeleka gari gereji wiki hii, mwambieni fundi awaoneshe themostati ilipo, na mumwombe airudishe mipira ya hita mahali pake kabla masika hayajaanza.

Dada yenu,
Fargo, North Dakota